Nchi ya Bei Ileile

Katika nchi yetu bei ya umeme wa nyumbani haijawahi kupanda. Naomba niliseme hilo mapema, maana kuna watu wa nchi jirani ambao wakisoma habari zetu huanza kutuonea huruma, na huruma yao hatujaiomba. Yuniti moja ni shilingi mia. Ilikuwa shilingi mia siku bendera ilipopandishwa mlingotini, ilikuwa shilingi mia siku tuliyomzika babu yangu, na leo ninapoandika ni shilingi mia, palepale, haijasogea hata senti. Nchi ngapi zinaweza kusema hivyo?

Kinachobadilika ni yuniti.

Mimi hilo nalijua vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu. Naitwa Limbu, Mrekebishaji wa Yuniti Daraja la Pili katika Shirika la Umeme, miaka kumi na tisa kazini, sijawahi kupewa onyo. Kila mwaka, siku ya Sikukuu ya Bei Ileile, sisi warekebishaji hupita nyumba kwa nyumba tukiwa na bisibisi. Tunafungua mita, tunazungusha skrubu robo mzunguko kwenda kulia, tunafunga, tunabandika lakiri mpya, tunampa mwenye nyumba mkono wa pongezi. Baada ya hapo yuniti yake inakuwa ndogo kidogo kuliko ya jana. Bei inabaki shilingi mia.

Wazee wanasimulia kwamba yuniti ya kwanza kabisa ilikuwa ikipiga pasi sare za shule nzima na kubaki ya kuchemsha chai ya walimu. Nilipoajiriwa ilikuwa inapiga pasi suruali nne. Nilipooa, moja. Siku hizi inapiga pasi mguu mmoja wa suruali, tena mpaka gotini. Mwanzoni watu waliona haya kwenda kazini mguu mmoja umenyooka na mwingine umejikunja, mpaka siku moja Waziri alipoonekana kwenye televisheni akiwa hivyohivyo. Basi ikawa ndiyo heshima. Kwenye kadi za harusi sasa wanaandika, “Vazi: mguu mmoja.” Matajiri, ambao wangeweza kunyoosha yote miwili, huwalipa mafundi waukunje ule wa pili kwa makusudi wasije wakaonekana wana maringo.

Mimi sisemi kitu. Naeleza tu.

*

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo linamhusu mama mkwe wangu, Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuja kwetu mwaka ule mvua zilipoezua paa la nyumba yake na kulipeleka kusikojulikana. Tukampa chumba cha uani, chenye mlango wake na mita yake. Mtu asiyetujua atasema, basi yameisha, mama ana pa kulala. Hajui. Kwetu sisi mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Hampi mkono. Wakikutana njiani, mwanamume hutoka nje ya njia, husimama kando na kutazama pembeni mpaka mama apite. Mama naye hawezi kunyoosha miguu mbele ya mkwe, sembuse kulala. Hata kuzungumza tunazungumza kwa kupitia mke wangu, Sikudhani, ambaye kwa miaka kumi na minne ya ndoa amekuwa akibeba maneno kutoka huku kwenda kule, hata pale ambapo sisi wawili tumetenganishwa na pazia tu na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri.

Hebu fikiria mtu wa namna hiyo anaishi uani kwa mkwe wake. Alijibana jamani! Alikohoa ndani ya kanga nisimsikie. Chooni hakwenda mpaka ahakikishe nimeshatoka kwenda kazini. Mara moja niliugua nikabaki nyumbani siku tatu, na hadi leo sijui yule mama aliishije.

Siku moja nilikuwa chini ya dirisha lake nakaza bomba, nikamsikia anamwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha nami niisikie:

“Sikudhani, mwambie baba wema wake nimeuona. Lakini mimi siwezi kuzeekea uani kwa mkwe. Nitatotolesha vifaranga, nitauza, nitaezeka nyumba yangu, nirudi kwangu nikanyooshe miguu.”

“Mwambie mama hajatusumbua hata kidogo,” nikasema.

“Anasema hujatusumbua, mama.”

“Nimesikia. Mwambie ahsante.”

Akauza ng'ombe wake wawili waliobaki. Akanunua mashine ya kutotolesha na trei nne za mayai, yaani mayai mia na ishirini, kutoka kwa mfugaji ambaye majogoo wake wana sifa. Yai la kuku linataka siku ishirini na moja za joto lisilokatika. Akaniuliza, kwa kupitia Sikudhani, siku hizo zitakula yuniti ngapi. Nikapiga hesabu mara mbili: hamsini. Mama akanunua sitini, kwa tahadhari, maana kanuni yetu ni kwamba nyumba hununua umeme mara moja kwa mwezi. Ukinunua mara ya pili unahesabiwa kuwa mnunuzi wa jumla, na leseni ya mnunuzi wa jumla huchukua siku thelathini kutoka.

Aliwasha mashine Jumamosi asubuhi. Mke wangu ananiambia mama alikaa mbele yake kwenye kigoda siku nzima akiiangalia, na kila baada ya muda anacheka peke yake.

*

Sikukuu ya Bei Ileile ilikuwa imebakiza miezi saba. Hilo nililizingatia kwenye hesabu yangu, mtu asije akaniona mzembe. Nisilolizingatia ni upendo wa wananchi.

Siku ya kumi na moja Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Utulivu, Profesa Mhandisi Gwandumi, alihutubia taifa. Sisi watumishi tulipangwa mstari ukumbini, mguu mmoja umenyooka.

“Ndugu wananchi,” alisema, “wapo wanaosema umeme wetu ni ghali. Nawauliza, ghali kuliko nini? Wenzetu hapo ng'ambo bei yao inapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Ya kwetu imetulia. Ilitulia jana, imetulia leo, na ambaye bado hajatulia yeye mwenyewe tutamtuliza. Nimepokea barua nyingi za wananchi wakilalamika kwamba sikukuu hii inakuja mara moja tu kwa mwaka. Serikali yenu ni sikivu. Mwaka huu tutaisherehekea mara mbili, na ya pili ni kesho.”

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kabisa, na mikono ilikuwa bado inapiga wakati kichwani nimeshaanza kuhesabu siku za mama mkwe.

Kanuni inasema mrekebishaji aanze na mita za nyumbani kwake, ili awe mfano. Jumatano asubuhi nikasimama nje ya chumba cha uani, mbele ya mita ya mama. Ilikuwa inasoma yuniti thelathini na mbili. Upande wa pili wa ukuta niliisikia ile mashine ikinguruma polepole. Ningeweza kuiruka mita ile? Lakiri zinahesabiwa. Nyumba tunayoishi ni ya Shirika, chumba cha uani kikiwemo, na mrekebishaji akibakiza lakiri moja anahama siku hiyohiyo. Nilifungua mita. Nikaingiza bisibisi.

“Sikudhani,” ikasema sauti ndani, “muulize baba anafanya nini ukutani kwangu.”

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. “Ni sikukuu, mama.”

“Aa. Mwambie heri ya sikukuu.”

Nikazungusha robo mzunguko. Namba haikubadilika, ilibaki thelathini na mbili, ileile. Nikabandika lakiri, nikaenda kwa jirani, na siku ile nilirekebisha mita mia moja na nne.

*

Siku ya kumi na saba mashine ya mama ilizimika, maana safari hii robo mzunguko ilikuwa imekata yuniti zaidi ya nusu. Tukavuta waya kutoka nyumba kubwa, tukazima kila kitu chetu, tukala mihogo ya jana, na siku ya kumi na nane alasiri yuniti zetu nazo zikaisha. Nilikwenda kwa karani wa mauzo nikamsihi. Akaniambia Shirika linanipenda na leseni itatoka baada ya siku thelathini.

Utauliza, na mkaa je? Mkaa haramu. Nyumba yenye mita hairuhusiwi kuwa na jiko la mkaa, kwa kuwa mkaa ni dharau kwa mita. Jirani yetu mmoja alikutwa na gunia, na hadi leo anahudhuria semina.

Nilikuwa nimekaa barazani nimeshika kichwa nilipomsikia mama.

“Sikudhani, lete blanketi zote. Na lile koti la baba la mvua, kama hatajali.”

“Mwambie mama achukue chochote.”

“Unataka kufanya nini, mama?” mke wangu akauliza.

“Kuku anafanyaje?”

Akapanda kitandani na mayai yake. Mayai ya trei mbili akayapanga ubavu wa kulia, ya mbili ubavu wa kushoto, juu blanketi tano na koti langu, na katikati yupo yeye, mwanamke wa miaka sitini na nane, anatoa jasho. Mara tatu kwa siku aliyageuza mayai yote mia na ishirini, moja baada ya jingine, asiinuke. Sikudhani alimlisha uji kwa kijiko. Kesho yake asubuhi alichukua yai moja akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, nami nikiwa nje nikasikia sauti yake imebadilika.

“Wanacheza! Sikudhani, mwambie baba wanacheza humu ndani!”

Nilifurahi, haki ya Mungu. Nilikwenda kazini natabasamu peke yangu, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao sitajisamehe.

*

Kila Jumatano watumishi wa Shirika hujaza fomu. Swali la tisa linasema: “Je, nyumbani kwako kuna joto lolote lisilotokana na Shirika? Eleza.” Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiandika “Hapana” bila hata kulisoma. Siku ile nililisoma. Nikawaza, ikiwa Shirika linauliza, basi huenda kuna mahali linawasaidia watu. Na mimi ni mtumishi mwaminifu, kwa nini nidanganye? Nikaandika: “Ndiyo. Mama mkwe wangu ameatamia mayai.”

Haikupita nusu saa nikaitwa na mkuu wangu, Bwana Shempemba, Mkaguzi Kiongozi. Alikuwa ameishika fomu yangu kwa ncha za vidole.

“Limbu, unajua umeandika nini hapa?”

“Ukweli, mzee.”

“Umeandika joto lisilopimwa! Leo ni mama mkwe mmoja. Kesho mama wakwe wa nchi nzima wako kitandani wanaatamia. Keshokutwa watu wanaanza kukumbatiana wakati wa baridi. Shirika litauza nini?”

Akaniagiza. Kesho, Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, chanzo cha joto kitapimwa kwa Mita ya Joto ya Taifa. Chumbani watakuwa chanzo na mpimaji, basi. Blanketi ziondolewe, kwa sababu blanketi huficha joto. Na kwa kuwa eneo lile ni langu, mpimaji ni mimi.

“Mzee, siwezi,” nikasema. “Yule ni mama mkwe wangu. Siingii chumbani kwake.”

Bwana Shempemba akavua miwani. Yeye naye ana mama mkwe, mkali ajabu, ambaye akipita sokoni Mkaguzi Kiongozi mzima hujificha nyuma ya magunia ya dagaa.

“Ni kweli,” akasema polepole. “Hata mimi nisingeingia.”

Tukatazamana, wanaume wawili, na nikaamini kabisa kwamba tumepona. Kisha akainua simu akapiga wizarani.

Wizara ambayo ina mwaka wa sita haijajibu maombi yangu ya likizo ilijibu baada ya saa moja. Barua ilikuwa na mihuri mitatu. “Kwa manufaa ya taifa,” ilisema, “ndoa baina ya Ndugu Limbu na Bibi Sikudhani inasitishwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni siku ya Alhamisi, ili kuondoa ukwe unaokwamisha upimaji. Wahusika hawatatozwa chochote.”

Ningekataa? Tungetolewa nyumbani kabla ya jua kuzama, sisi, mama na mayai yake barabarani. Nikasaini nimepokea.

Nilimweleza mke wangu nikiwa nimesimama.

“Kwa hiyo kesho mimi si mke wako.”

“Mpaka saa kumi tu.”

“Na chakula cha mchana utapikiwa na nani?”

Tukacheka. Kisha akaketi chini palepale sakafuni akalia. Mwishowe akaenda dirishani kwa mama akamwambia yote, barua na mihuri yake.

“Mwambie baba nimesikia,” akasema mama.

*

Alhamisi Bwana Shempemba alikuja na kiti chake, chupa yake ya chai na filimbi. Akaweka kiti mlangoni kwa mama, mgongo ukielekea ndani, maana naye ni mtu aliyelelewa. Akaisoma barua kwa sauti mbele ya Sikudhani, akaangalia saa, akapuliza filimbi.

“Ndugu Limbu, kuanzia sasa wewe si mkwe wa mtu. Ingia.”

Nikavua viatu. Nikaingia kiupandeupande, uso ukutani, mita nimeikumbatia kifuani.

Na mama akasimama.

Alikuwa amelala siku mbili, miguu imevimba, Sikudhani alikuwa akimgeuza kwa shida. Lakini mguu wangu ulipovuka kizingiti alinyanyuka kama aliyeitwa jina, akajifunika kanga mpaka usoni, akaenda kusimama pembeni ya chumba akiangalia ukuta. Blanketi zilikuwa zimeshatolewa. Mayai yalibaki peke yake kitandani, mia na ishirini, meupe, hayana kitu juu yake.

“Mama, lala,” nikasema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia moja kwa moja. “Lala tafadhali. Mimi si mkwe wako mpaka saa kumi. Kuna barua.”

“Sikudhani,” akauambia ukuta, na Sikudhani hakuwemo, “mwambie baba siwezi.”

“Mama, mayai!”

“Sikudhani, mwambie baba mayai nayaona. Mwambie si mimi. Miguu ndiyo inayokataa.”

Nikampa mgongo. Nikafumba macho. Nikavua shati nikalifunga usoni.

“Sioni kitu, mama. Nimejifunga macho. Lala.”

Nikasikia ametembea hatua moja. Kitanda kikalia kidogo, labda alikishika kwa mkono. Kisha nikamsikia anarudi palepale.

“Mwambie namsikia anavyopumua.”

Nikapapasa nikavua shati usoni, nikataka kuwatandazia lile shati wale vifaranga. Bwana Shempemba hakugeuka, lakini alisikia. “Hakuna kufunika, Ndugu Limbu. Tunapima.” Nikamwuliza kama naweza kuyaatamia mimi. “Mpimaji hatoi joto,” akasema, akajimiminia chai.

Na hapa niseme ukweli wote, maana nimeshazoea kuusema mahali pasipotakiwa. Kitanda kilikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Ningeweza kujitupa pale juu ya mayai, waandike wanavyotaka. Nilitaka. Nikaiambia miguu iende. Lakini kile kilikuwa kitanda cha mama mkwe wangu, naye amesimama pale pembeni, na miguu yangu ikakataa kama ya kwake. Basi tukasimama, yeye na ukuta wake, mimi na ukuta wangu. Kukaa nako hatukuweza.

Kwenye saa tano nilishika yai moja, lilikuwa vuguvugu. Saa sita na nusu hivi tukasikia kitu. Ko. Kimya. Ko, ko. Ilikuwa siku ya ishirini, na kuna mmoja aliyekuwa na haraka, anagonga kutoka ndani. Mama akageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake, kwa bahati mbaya, kisha wote tukatazama chini. Yule kifaranga aligonga, akapumzika, akagonga tena. Nilimwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Nilitamani kumkaba Bwana Shempemba na chupa yake ya chai, nikasimama wima, kwa adabu, nikiwa nimeshika mita ya serikali.

Saa tisa na kitu sikusikia tena.

“Sikudhani,” akasema mama, “mwambie baba amenyamaza.”

Saa kumi kamili filimbi ikalia. Bwana Shempemba akaja, akaichukua mita mikononi mwangu, akaisoma, akaisoma tena. Uso ukamng'aa.

“Sifuri! Limbu, ni sifuri! Hakuna joto haramu katika nyumba hii! Hongera sana, hongera familia nzima!”

Akanipa mkono, nami nikaupokea.

*

Tulipewa cheti. Kiko ukutani sebuleni, kina picha ya balbu. Mheshimiwa Waziri alikitaja kwenye hotuba yake kama ushahidi kwamba wananchi wakielimishwa hawahitaji joto la pembeni.

Mayai niliyazika mwenyewe nyuma ya choo, Ijumaa, siku ya ishirini na moja. Mama alikuwa dirishani. Nilipomaliza kufukia nikamsikia anamwita mke wangu.

“Mwambie baba asihangaike kunitafutia bati. Mwambie nitakaa.”

Ndoa yetu haikurudi saa kumi ile, kwa sababu barua ya kusitisha ilikuwa na mihuri mitatu, ya kurudisha nayo ilitaka mitatu, na muhuri mmoja ulikuwa safarini. Iliturudia baada ya siku arobaini, ambazo mimi nilizilala stoo ya Shirika katikati ya mabunda ya waya. “Tunayo furaha kuwajulisha,” ilisema barua mpya, “kwamba ndoa yenu imerudishwa ikiwa ileile.” Chini, kwa herufi za kuhitaji miwani, waliongeza kwamba kutokana na marekebisho ya kawaida ndoa hiyo imepunguzwa kidogo, na sehemu iliyopunguzwa ni ukwe. Kwa maana hiyo Bi Nyamizi si mama mkwe wangu tena. Ni mpangaji. Na chumba chenye mpangaji kinahesabiwa kuwa cha biashara, kwa hiyo skrubu ya mita yake sasa inazungushwa nusu mzunguko badala ya robo. Bei ni shilingi mia.

Nimezungusha mwenyewe. Aliniuliza, kwa kupitia Sikudhani, kama ni sikukuu tena, nikasema ndiyo.

Kila asubuhi Bi Nyamizi hutoka uani na ndoo yake kwenda bombani, nami huwa natoka kwenda kazini. Barua inaniruhusu, tena inaniagiza, nimpite kama ninavyompita mtu yeyote. Njia yetu ni nyembamba. Nikimwona natoka njiani, nasimama kwenye matope kando ya ukuta, natazama pembeni mpaka apite. Anapita taratibu, siku hizi miguu inamsumbua.

“Sikudhani,” anasema, na Sikudhani yuko jikoni hasikii kitu, “mwambie baba ahsante.”

Halafu naenda kazini na matope kwenye ule mguu ulionyooshwa. Na kila Jumatano, nikifika swali la tisa, lile linalouliza kama nyumbani kwangu kuna joto lolote lisilotokana na Shirika, naandika: Hapana.